Hicho Kiburi ni cha Nani Hapa Tumati?

Jumamosi, 5 Julai
Baridi kali. Ukungu mpaka ndani ya zizi. Leo sala ya jumuiya ilikuwa kwa Mama Konsolata, na Katekista Sebastiani kaongelea kiburi. Kiburi, kiburi, kiburi! Kila akilitamka anatazama upande wangu. Kweli nilikaa karibu na dirisha, lakini nje kulikuwa na nini cha kutazama? Ukungu mtupu.
Mwenyekiti wa jumuiya ni mimi. Jumamosi ijayo ni uchaguzi. Agosti Askofu anakuja kutoa kipaimara, na mwenyekiti ndiye atakayempokea. Koti nimeshanunua mnadani Katesh. Hapa kuna mkono wa mtu. Namshuku Akonaay, mwanajumuiya mwenzangu. Siku hizi anacheka sana.
Mke wangu Justina anasema somo lilimhusu mfalme Nebukadneza. Mwanamke mwema, lakini haoni mbali.

Jumatatu, 7 Julai
Nimekwenda kwa Mwalimu Onesphory, mstaafu, kuuliza kiburi ni nini hasa. Nikasema mwanangu kapewa kazi ya shule. Akanikumbusha kwamba Brightness wangu ameolewa Nangwa.
Kasema neno hilo asili yake ni kwa Waarabu, na shina lake ni ukubwa: mtu kujiona mkubwa kuliko alivyo. Nimefurahi! Kumbe limepanda huku kutoka pwani. Sisi watu wa milimani, wa maharage na ng'ombe, litatuhusu vipi?
Nikauliza linatumikaje. Kasema watu husema "ana kiburi", "acha kiburi", "kiburi chake kitamponza". Lakini miaka yote ya kufundisha hajasikia mtu akisema "nina kiburi". Nikamwambia hata mimi sijawahi kusema. Akanitazama kama alivyonitazama katekista. Naye namshuku.

Jumatano, 9 Julai
Dawa nimeipata: unyenyekevu, tena wa kuonekana. Nimefagia kanisa wakati akina mama wanakwenda gulioni. Hawakupita. Nikahamia upande wa barabarani. Vumbi! Akapita Akonaay na punda wake, akauliza kama Oliva anayefagia siku zote anaumwa. Sumu hiyo! Halafu nikaona miguuni ana kandambili, kwenye baridi hii. Anashindana na mimi kwa unyenyekevu!
Nikavua mabuti, nikarudi nyumbani pekupeku. Justina kanipaka samli kwenye nyayo zilizopasuka.

Ijumaa, 11 Julai
Desturi yetu, mtu akitajwa kwenye uchaguzi anakataa. Anasema sistahili, watu wanamsihi, anakubali kwa uzito. Anayekubali upesi husemwa. Uchaguzi uliopita nilikataa mara moja tu. Bila shaka maneno yalianzia hapo. Kesho nitakataa mara tatu, ya mwisho na machozi. Nimefanya mazoezi mbele ya ndama.
Justina kapita na ndoo ya maziwa, kauliza: na wakikubali je? Nikacheka sana. Basi waongozwe na nani, na ndama?

Jumamosi, 12 Julai
Nilikaa sakafuni. Akonaay akakaa kwenye kiti! Nikajua amejimaliza mwenyewe.
Mama Konsolata akanitaja wa kwanza. Nikasema sistahili. Kelele: unastahili, Baba Brightness! Tamu kweli. Nikakataa mara ya pili. Kelele zikapungua. Ya tatu nikatoa leso. Kimya.
Katekista akasema tusimlazimishe ndugu yetu, huu ndio unyenyekevu wenyewe, tumpigie makofi. Wakapiga! Nikasema nimefikiri upya. Vigelegele vikanifunika. Akatajwa Akonaay. Akakataa mara moja, kwa adabu, akakubali.
Ee Mungu wangu. Na koti?

Jumapili, 13 Julai
Baada ya misa nimembana katekista: wiki ile alikuwa anamsema nani? Kasema Nebukadneza. Na dirishani alitafuta nini? Mwanga wa kusomea, macho yamechoka. Simwamini.
Ila Mungu hamtupi mja wake. Jambo moja limethibitika mbele ya jumuiya nzima, kwa makofi: mnyenyekevu kuliko wote Tumati ni mimi. Akonaay hafiki hata nusu. Askofu akija nitamwomba katekista alitangaze hilo, na jina langu kamili. Nitasimama mbele kidogo ya mwenyekiti ili nionekane vizuri, na koti langu.
Akikataa kutangaza, basi mwenye kiburi tumempata.