Mratibu wa Mahandaki ya Keelung

Siku Kan Po-hsun alipoamua kuwa serikali, alikuwa anakula tambi.

Alikuwa ameketi kibandani kwa Mama Lien, nyuma kidogo ya bandari ya Keelung, mvua ikipiga turubai na mvuke wa supu ukimpanda puani. Kwenye televisheni iliyoning'inizwa juu ya masufuria, wabunge walikuwa wanagombania bajeti: mabilioni ya ulinzi wa taifa, mabilioni ya kulinda pwani, mabilioni mengine ya vimbunga na matetemeko. Mheshimiwa mmoja alimrushia mwenzake faili. Mwenzake akalidaka kwa ustadi, akalirudisha na la kwake juu.

"Pesa zote hizo," alisema Tu Wan-chuan, muuza samaki wakavu wa mtaa ule, "na sisi hapa hatutapata hata harufu."

Alilisema hilo kwa uchungu wa kweli. Tu alikuwa mtu wa kupima samaki pamoja na kidole gumba, na kila pesa iliyopita mbali naye aliiona kama imeibwa mfukoni mwake.

Po-hsun aliinua macho kutoka kwenye bakuli. Nyuma ya maduka yale kulikuwa na jabali, na kwenye jabali kulikuwa na milango kumi na mmoja ya chuma yenye kutu, mmoja nyuma ya kila nyumba. Ni mahandaki waliyochimba mababu enzi za vita, wapate pa kujificha mabomu yakidondoka. Sasa yalikuwa maghala. Ndani mlikuwa na samaki, majokofu mabovu, pikipiki zisizo na magurudumu, na sanamu moja ya mungu wa utajiri iliyokuwa inangoja kuungwa mkono wake uliovunjika kwa miaka kumi na tisa.

Aliitazama ile milango, akaitazama televisheni, akamtazama Tu. Akaagiza bakuli la pili.

Po-hsun alikuwa na miaka arobaini na miwili, uso wa mwalimu wa hesabu na sauti ya kubembelezea mtoto. Kule Taichung aliwahi kuuza bima dhidi ya fataki za majirani. Kule Tainan aliuza hisa za chemchemi ya maji moto ambayo, kwa bahati mbaya, ilikuwa bomba lililopasuka. Kule Taoyuan hakimu alimwambia, kwa upole kabisa, kwamba akirudi tena mbele yake ni miaka mitatu bila punguzo. Ndiyo maana alikuwa Keelung, mji ambao watu hutembea wameinama chini ya miavuli na hakuna anayeangalia sura ya mwenzake.

Baada ya siku mbili alirudi mtaani amevaa kizibao chenye mifuko kumi na minne, kofia ngumu ya njano, na beji iliyosema MRATIBU. Mratibu wa nini, beji haikusema. Mkononi alikuwa na kijitaa chekundu cha kuchezea paka, ambacho siku hiyo kilikuwa kimepanda cheo kuwa kipimo cha kisasa. Alikielekeza kwenye mlango wa handaki la Tu, akakunja uso, akaandika kitu.

"Wewe nani?" Tu aliuliza.

"Endelea na kazi zako, mzee. Mimi napita tu."

Hakuna maneno yanayoweza kumfanya mtu kama Tu aache kazi zake haraka kuliko hayo.

"Unapita kwenye ukuta wangu! Unaandika nini?"

Po-hsun alitazama kushoto, akatazama kulia, akashusha sauti. "Si jambo la kutangaza. Umeona bungeni wanavyogombana? Fungu limeshapita, mzee. Serikali inatafuta mahandaki. Vita vikija, watu wajifiche. Kimbunga kikija, watu wajifiche. Yatakayofaa, itayakodi kwa miaka kumi, malipo kila mwezi."

Mate yalimtoka Tu. "Langu linafaa!"

"Bado sijalipima."

"Pima! Na hilo la jirani pia lipime, ni langu."

"Ni lako?"

"Lilikuwa la babu yangu. Karibu liwe la babu yangu. Yeye na babu yao walikuwa wanasalimiana."

Po-hsun alitikisa kichwa kama mtu aliyezoea kuona majaribu ya dunia. Akaeleza kwamba upimaji una ada ya dola elfu kumi na mbili za Taiwan, nusu leo, nusu faili likikamilika, na kwamba anayo nafasi kumi na moja tu. Tu hakubishana kuhusu ada. Alibishana kuhusu ukubwa, akitaka handaki lake lenye uwezo wa watu thelathini liandikwe mia mbili. "Wakibanana," alisema. "Vitani watu hubanana."

Kufikia saa sita mchana mtaa mzima ulikuwa umesikia, kwa kuwa Tu alikuwa ameapa hatamwambia mtu. Na hapo ndipo Mama Lien alipofuta mikono kwenye aproni, akamwita Po-hsun kibandani.

Mama Lien alikuwa mjane wa miaka sitini na tisa, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alimwekea bakuli la tambi bila kuulizwa.

"Kwa hiyo serikali inataka mahandaki yetu, mwanangu."

"Ndivyo, mama."

"Fomu iko wapi?"

"Fomu?"

"Serikali bila fomu? Mwanangu, hiyo sijawahi kuiona. Hata ukifa wanakupa ujaze."

Po-hsun alicheka, lakini Tu, aliyekuwa meza ya pili amenyoosha sikio, hakucheka. "Mama Lien akilipa, na mimi namalizia," alisema Tu. "Huyu mama ananusa. Asipolipa yeye, naomba hela yangu."

Mtaa mzima, ikaonekana, ulikuwa na msimamo huo huo. Basi Po-hsun akaenda kwenye chumba chake cha kupanga, akatengeneza fomu. Alijivunia kazi yake. Ilikuwa na miraba, namba za vifungu, na mahali pa muhuri. Mama Lien aliisoma yote, mbele na nyuma, akilamba kidole.

"Nzuri. Lakini haijauliza maji yatatoka wapi. Watu mia wamo ndani siku tatu, wanakunywa nini?"

"Tutaongeza."

"Na wagonjwa? Na wazee wasioweza kukimbia? Nani atamchukua Bibi Hong wa ghorofa ya nne, mlango wa tano? Anatembelea kigoda."

"Tutaongeza, mama."

"Na ramani. Na picha, kabla ya kusafisha na baada ya kusafisha."

"Kusafisha?"

"Serikali itakodi pikipiki mbovu?"

Angeweza kuondoka pale pale. Nusu ada ya Tu ilikuwa mfukoni, na treni ya Taipei ilikuwa dakika kumi kwa miguu. Lakini tapeli hodari ana ugonjwa mmoja: hapendi kuacha meza bado ina chakula. Nusu kumi za majirani na nusu kumi na moja za mwisho zilikuwa zinamngoja. Akapandisha mikono ya shati.

Alifanya kazi siku tisa. Alibeba majokofu. Alimbeba mungu wa utajiri mgongoni kama mgonjwa. Alipaka mishale ya kijani ukutani, akapima kwa utepe wa kweli, maana Mama Lien alikuwa amekitazama kile kijitaa chekundu, akasema, "Nina paka watatu, mwanangu." Alipanda ghorofa kwa ghorofa akiuliza nani haoni, nani hasikii, nani anatumia mashine ya kupumulia. Bibi Hong alimkaribisha chai mara nne na kumwonyesha picha za wajukuu wote. Jioni aliketi kibandani akiandika mpango, Mama Lien akisoma juu ya bega lake na kumjazia bakuli.

Na jambo la aibu, ambalo Po-hsun asingelikiri hata kwa kuchapwa, ni kwamba kazi ile ilimkolea. Usiku alilala akifikiria vali za maji. Siku moja alimgombeza Tu mbele za watu kwa kurudisha kwa siri magunia ya samaki kwenye njia ya dharura.

"Handaki ni langu!" Tu alifoka.

"Na moto ukiwaka, Bibi Hong atapita wapi? Juu ya dagaa wako?"

Watu walimpigia makofi. Alijisikia vizuri siku nzima, kisha akajitukana.

Siku ya kumi faili lilikamilika. Kurasa mia na nne. Mama Lien aliomba nakala ya kitambulisho chake iambatishwe, na Po-hsun, akiwa amechoka na ameshiba, alimpa. Mama akamwambia watu wote watalipa Ijumaa asubuhi, hapo hapo kibandani.

Ijumaa Po-hsun alifika na begi lake limeshafungwa. Mtaa mzima ulikuwepo, umevaa nguo za kutokea. Alianza kuhesabu vichwa kwa macho. Kisha gari jeupe la manispaa likasimama, wakashuka mwanamke mmoja na wanaume wawili wamevaa vizibao kama chake, isipokuwa beji zao zilisema ni waratibu wa nini. Nyuma yao alikuwa polisi mwenye mwavuli.

Po-hsun alipima kwa macho njia ya kwenda stesheni. Polisi alikuwa amesimama katikati yake.

"Ndugu Kan Po-hsun ni nani?" mwanamke aliuliza.

Vidole kumi na vinne vilimwonyesha, kwa fahari.

"Mimi ni Afisa Tseng, kitengo cha maafa." Alikuwa ameshika faili. Kurasa mia na nne. "Hili umeandika wewe?"

"Mheshimiwa, naweza kueleza..."

"Hatujawahi kupata lililokamilika kiasi hiki," alisema Afisa Tseng. "Mitaa mingine inatuletea ukurasa mmoja na malalamiko. Wewe umeandika hadi nani anatembelea kigoda! Ruzuku imepita. Yote."

Akataja kiasi. Ilikuwa mara ishirini ya ada zote ambazo Po-hsun alikuwa anaziotea. Mtaa ulipiga kelele. Tu akapiga kelele kuliko wote, mpaka Afisa Tseng alipoendelea kusoma: fedha ni za taa, pampu, matangi na blanketi. Hakuna anayelipwa kodi. Mahandaki yatabaki wazi na matupu kwa miaka kumi, likiwemo lile la pili ambalo Bwana Tu amelitaja kwa maandishi na muhuri kuwa liko chini ya uangalizi wake, na kwa hiyo atalifagia.

"Nilifagie?" Tu alisema. "Handaki la watu?"

"La babu yako," jirani yake akamkumbusha.

Kijana mwenye kamera aliwapanga wote mbele ya jabali. Po-hsun alijaribu kujificha nyuma ya Bibi Hong, ambaye alikuwa mfupi mno kwa kazi hiyo. Picha gazetini! Taichung wangeiona, Tainan wangeiona, na yule hakimu mpole huenda ni msomaji mzuri wa magazeti. Akainamisha uso. Mkono mdogo wenye nguvu za kukanda unga ukamshika kiwiko.

"Inua uso, mwanangu," alinong'ona Mama Lien. "Cheka."

Kamera ikalia.

Gari lilipoondoka na watu kutawanyika, Po-hsun alimfuata kibandani.

"Kuna ruzuku ya kweli," alisema. "Ipo kweli."

"Tangu mwezi wa tatu. Barua yake iko ukutani hapo, nyuma ya kalenda. Hakuna aliyetaka kuijaza. Faili lako nimelipeleka mimi."

"Ulijua mimi ni nani."

"Nilifanya kazi ofisi ya kata miaka thelathini na mmoja, nikisoma maombi ya watu. Mwongo namjua kwa namna anavyoshika kalamu." Alichota supu. "Waongo wengi ni wavivu, wanaandika mistari mitatu. Wewe uliponiletea ile fomu yenye miraba nikasema, Lien, huyu usimwachie polisi."

Po-hsun aliketi. "Na fungu langu?"

"Wewe umejitolea. Imeandikwa ukurasa wa pili, chini ya sahihi yako. Mratibu wa kujitolea, atakuwepo kila dhoruba, kuanzia mwezi wa tano hadi wa kumi na moja."

"Hilo sikuliandika mimi!"

"Uliniachia ukurasa wa pili nikakague maandishi."

Po-hsun alimtazama kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa mtu. Akavuta begi lake taratibu. "Mama, nakushukuru kwa tambi. Nina treni ya saa tano."

"Nenda. Mpiga picha ni mpwa wangu. Nimemwambia asiipeleke kwanza gazetini." Mama Lien alipuliza supu. "Siku dhoruba ikifika na wewe haupo, ataipeleka. Ukubwa wa ukurasa mzima. Umetoka vizuri sana, meno yote yanaonekana."

Po-hsun aliliachia begi likaanguka sakafuni. Mwishowe alitoa mfukoni nusu ada ya Tu, akaiweka mezani. Mama Lien aliitia mfukoni mwa aproni.

"Nitamrudishia," alisema, "kwanza nikate tambi alizokula kwa mkopo."

Kisha akafungua droo ya chini ya meza, akatoa karatasi nyingine yenye nembo ya serikali, akaisukuma mbele yake.

"Hii ni nini?"

"Ulinzi wa pwani. Wanatafuta vikundi vya raia vya kuangalia bahari. Boti, darubini, redio, hadi makoti ya mvua. Mwisho wa kupeleka ni Jumatano."

"Mimi sifanyi. Nimechoka, mama. Mgongo wangu una alama za mungu wa utajiri."

"Sijasema ufanye. Nimesema soma."

Alisoma kwa hasira ukurasa wa kwanza. Akaugeuza. Aliposoma wa tatu, miguu yake iliacha kucheza chini ya meza, na macho yakaanza kwenda taratibu, mstari kwa mstari, kama ya fundi aliyeona ufa.

"Hapa kwenye kifungu cha saba," alisema, "wamesahau kuuliza boti ni ya nani."

"Po-hsun."

"Nasema tu, mama."

"Po-hsun. Vaa miwani yangu, shika kalamu, na uandike ukweli mtupu."

"Wote?"

Mama Lien alifikiri kidogo, akatazama jabalini, ambako Tu alikuwa anafagia handaki la pili huku akitukana babu za watu wawili.

"Mwingi," alisema.