Gia ya Kwanza Hadi Mlangoni kwa Wakwe

Jumatatu, 4 Agosti

...kwa hivyo kosa halikuwa langu, lilikuwa la maikrofoni. Mwanamume akipewa maikrofoni siku ya harusi yake, na Eucabeth wake amesimama kando na gauni jeupe akimtazama kwa yale macho, lazima atasema jambo. Mimi nilisema gari langu litafika hadi mlangoni kwa baba mkwe. Wakapiga vigelegele. Nikarudia.

Ukweli, ambao nauandika hapa tu: sina gari. Na nyumba ya baba mkwe, Mzee Egesa, iko juu ya kilima huko nyuma ya Funyula, kwenye njia ambayo mbuzi hupumzika mara mbili kabla ya kufika. Leseni ninayo. Lakini nilijifunzia Busia mjini, mahali tambarare kama meza, kwa gari linalojibadilishia gia lenyewe.

Mzee hakusahau. Jana shangazi zake Eucabeth walikuja hapa Malaba kumchukua akakae kwao siku chache, ndiyo desturi ya nyumba ile. Wakaniachia ujumbe wa Mzee. Binti hatashuka kilima kwa miguu. Atashuka kwa gari la mumewe, kutoka mlangoni, kama mumewe alivyotangaza. Gari lisipofika, yeye hana haraka, mahindi yapo shambani na mikono inahitajika.

Siku moja tu bila Eucabeth. Kitanda kimekuwa uwanja wa mpira. Nimelala upande wake nipate harufu ya mafuta yake ya nywele. Nimejifunga leso yake kichwani. Hakuna aliyeniona, isipokuwa jirani, mwenye nyumba na mtu wa maziwa.

Jumanne, 5 Agosti

Nina mpango. Unaitwa Ongodia.

Ongodia ni dereva wa trela, rafiki yangu tangu nianze kazi ya ukarani kwa mawakala wa forodha. Trela lake liko kwenye foleni ya mpaka tangu Jumapili. Kwao Adungosi ana gari kuukuu la gia za mkono, linalovuta kwa magurudumu yote manne, la kubebea mihogo. Nimeomba nilitumie hadi Jumapili. Amekubali. Akauliza kama nimewahi kupanda mlima. Nikasema mara nyingi. Akauliza kwa gari. Nikamwambia asiingilie mambo ya ndoa yangu.

Amenifundisha pale pale ndani ya trela. Asubuhi nzima tulisonga mara tatu, kila mara urefu wa kitanda, kwa hivyo nafasi ya kusikiliza ilikuwepo. Kwanza, unatoka nje na kufunga habu, vile vitasa vya katikati ya magurudumu ya mbele, kwa mkono, la sivyo hayo ya mbele ni watalii tu. Pili, gari likiwa limesimama kabisa, unavuta kile kijiti kifupi kando ya gia, ndicho cha nguvu. Tatu, unachagua gia kabla ya mlima na hubadilishi katikati. Nne, kushuka ni gia ya kwanza, injini ndiyo inashika gari. Ukikanyaga klachi hapo, akasema, umeachilia jiwe.

Nimefanya mazoezi jioni jikoni. Vifuniko vitatu vya sufuria sakafuni: klachi, breki, mafuta. Mwiko mkubwa ndio gia, kijiko cha chai ndicho kijiti kifupi. Nilipanda mlima wote vizuri sana. Katika kushuka nilikanyaga klachi, kifuniko kikateleza, nikaingia chini ya meza. Nadhani kosa ni la sakafu.

Eucabeth alipiga simu. Anasema amewaambia wasichana wote wa kisimani kwamba mumewe ana mikono ya dereva. Nimeitazama mikono yangu kwa muda mrefu. Ni kweli ina kitu.

Jumatano, 6 Agosti

Adungosi. Shida ya Adungosi ni kwamba hakuna mlima. Kitu kirefu kuliko vyote ni lundo la murramu, ule udongo mwekundu wa barabara, ambalo watu wa barabara waliliacha karibu na soko. Nikaona linatosha.

Mara ya kwanza magurudumu ya nyuma yalichimba mashimo mawili, ya mbele yakatulia. Mama mmoja muuza mihogo akaniuliza, "Boss, hizo za mbele ziko likizo?" Habu! Nilikuwa nimezisahau. Nikashuka nikazifunga kwa madaha, kama mtu aliyekusudia hivyo tangu mwanzo.

Mara ya pili nilikuja kwa kasi kidogo, kwa sababu nilikuwa nikimfikiria Eucabeth. Gari likapanda lundo lote na kukaa juu yake kwa tumbo, kama kuku juu ya mayai. Magurudumu yote manne yalizunguka vizuri kabisa, hewani. Soko likafungwa kwa muda ili watu waone. Mzee mmoja alileta ng'ombe wake wawili wa kulimia wakanivuta chini. Mama wa mihogo akasema hao ng'ombe hawajawahi kwenda shule ya udereva.

Kisha Peterson akapiga simu. Peterson amemwoa Carolyne, dada mkubwa wa Eucabeth. Ana duka la dawa Busia na gari dogo la kung'aa, ambalo kwa miaka sita ameliegesha kwenye kiduka kilicho chini ya kilima cha Mzee na kupanda kwa miguu, na bado anaitwa mkwe mwerevu. Anasema amesikia habari za lundo. Kutoka Adungosi mpaka Busia kwa saa mbili! Anasema Jumamosi, siku ya kumshusha Eucabeth, atakuwa pale chini dukani, na atanibebea gambuti za saizi yangu za kupandia matope, nisione haya. Nikamshukuru kwa upole. Namchukia kwa utulivu.

Alhamisi, 7 Agosti

Mpango mpya, mzuri kuliko wote. Ongodia aendeshe mpaka karibu na boma, kisha ajifunike magunia kwenye buti, nami nishike usukani hatua ishirini za mwisho. Ongodia alicheka mpaka akashika mlango. Lakini akakubali, kwa sababu ya mapenzi. Alisema hajawahi kuona mtu mzima anayeugua hivi.

Saa nane foleni ikasonga. Siku nne imelala, leo ikaamua kuamka. Ongodia ameingia Uganda na trela lake, anaelekea Tororo akipunga mkono. Ameniachia gari, na neno moja alilopiga kelele kutoka dirishani: klachi.

Nimeandika kanuni zote nne kwenye mkono wa kushoto kwa kalamu ya wino.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimefika! Mlangoni! Naandika haya nikiwa nimeketi kwenye kiti cha heshima, nimeshiba.

Niliwaza hivi. Kanuni inasema gia ichaguliwe kabla ya mlima na isibadilishwe. Sasa mlima unaanzia wapi? Hakuna kibao. Kwa hivyo nilisimama pale stendi ya Funyula, nikafunga habu, nikavuta kijiti kifupi, nikatia gia ya kwanza, na sikuigusa tena mpaka kwa Mzee. Kilomita nne. Saa moja na dakika arobaini. Injini ilinguruma kama posho mill ya kusaga mahindi. Wanawake wenye kuni walinipita. Watu waliokuwa wakienda matangani walinipita, wakanipa pole. Bata alitembea mbele yangu muda mrefu, kisha akachoka na kukaa kando.

Penye mwinuko mkali mkono wangu uliloa jasho na kanuni zikafutika, ikabaki nusu ya tatu. Sikujali. Nilikuwa na jina la Eucabeth mdomoni. Mawe yalikuwa makubwa kama viti, gari likayapanda moja moja kama bibi kizee kwenye ngazi. Nami nikatokea uani.

Eucabeth alikimbia kutoka jikoni, unga mikononi, akanikumbatia mbele ya baba yake. Mzee akaangalia kando. Baadaye akasema walianza kunisikia walipokuwa wakinywa chai, wakala chakula cha mchana, wakaosha vyombo, ndipo nikafika.

Halafu Mzee akatoa neno. Kwa kuwa gari limefika, kesho likishuka na binti limchukue na mama. Goti linamsumbua, hajafika soko la Funyula tangu Pasaka.

Mama mkwe! Kwetu Waiteso na kwao Wasamia jambo hili ni moja: mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, haongei naye moja kwa moja, hakai naye karibu. Nikamkumbusha Mzee kwa heshima. Akasema hilo ameshalifikiria. Mama atakaa nyuma, kitambaa kitatundikwa katikati, na kioo cha ndani kitageuzwa kitazame juu. Mkwe ataangalia mbele. Desturi iko salama.

Nikauliza kama sisi wenyewe tuko salama. Mzee akasema hilo nimuulize dereva.

Jumamosi, 9 Agosti

Tuliondoka saa tatu asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Mbele, mimi na malaika wangu. Nyuma ya kitambaa cha meza chenye maua, mama mkwe na kuku mmoja wa kuuza sokoni.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Gia ya kwanza, injini inashika, mimi ninatabasamu. Kisha sauti ikatoka nyuma ya maua: "Eucabeth, mwambie mwenye gari asikanyage breki namna hiyo, nyuma itamtangulia." Eucabeth akanigeukia. "Mpenzi wangu, Mama anakusalimu, anasema unaendesha vizuri sana, lakini kama hutajali, ile breki..." Wakati huo nyuma ilikuwa imeshanitangulia. Tulishuka hatua kumi ubavu ubavu, kama kaa.

Ikawa hivyo njia yote. Amri ya kushoto ilifika kwangu tukiwa tumeshaenda kulia. Taratibu ilifika pamoja na jiwe. Lakini sauti ya Eucabeth inaposema mpenzi wangu, nani anajali jiwe?

Katikati ya kilima mvua ilikuwa imekata njia, mtaro mrefu upande wa kulia. Mama akasema binti ashuke aongoze gurudumu. Eucabeth akashuka, akasimama mbele na viatu mkononi, mzuri sana, akinipungia. Nami nikampungia. Nadhani ni hapo mguu wangu wa kushoto ulipokanyaga kifuniko, yaani klachi.

Ongodia alisema jiwe. Ni kweli. Gari liliachiliwa. Eucabeth akaruka kando kichakani. Mimi nikashika usukani kama mtu anayeshika mlango wakati wa upepo. Na sasa ndani ya gari hakukuwa na mtu wa kupitisha maneno. Mimi, mama mkwe na desturi.

Bahati nzuri, mama mkwe alikuwa akizungumza na kuku wake. Sikusudii kusikiliza maongezi ya watu, lakini alizungumza kwa sauti. "We kuku," alisema, "toa mguu kwenye klachi." Nikatoa, kwa sababu nilikuwa nataka kutoa. Injini ikalia, gari likajishika. "Kuku, acha breki. Acha kabisa." Nikaacha. "Kuku, ukiona nyuma inateleza, ongeza mafuta kidogo, usiogope, liache liende chini moja kwa moja, usilipinde kukwepa." Nikaongeza. Nilishangaa kidogo kwamba kuku wa Samia anaongeleshwa Kiswahili, na kwamba anahitaji habari hizi. Lakini mambo ya wanawake na kuku wao si yangu.

"Vizuri, kuku," akasema tulipovuka mtaro. "Sasa pumua." Nikapumua.

Tukafika chini dukani polepole, tumenyooka, kama watu wa kanisani. Peterson alikuwa pale na gambuti mkononi. Mama mkwe akashuka upande wake kunyoosha goti kabla ya sokoni, nami nikatazama upande wangu. Nikasikia akimwambia Peterson, ambaye pia hawezi kutazamwa, kupitia kwa mwenye duka, kwamba gambuti hizo ampelekee yule binti anayekuja mbio, maana miguu yake imejaa matope.

Eucabeth alifika, majani kwenye nywele. Alinikumbatia. Akasema alipokuwa kichakani alidhani amekuwa mjane wiki mbili tu baada ya harusi. Nililia kidogo. Yeye pia. Peterson akaangalia gari lake la kung'aa.

Jumapili, 10 Agosti

Eucabeth yuko nyumbani! Anaimba jikoni. Vifuniko vya sufuria vimerudi kazini. Kitanda kimerudi ukubwa wake.

Wakati wa chai ameniambia jambo la ajabu. Kwamba zamani, kabla ya goti, mama yake aliendesha trekta la chama cha pamba kwenye kilima kile kile, miaka kumi na mmoja, kupanda na kushuka, mvua na jua. Kwamba Mzee amempa mama salamu zangu, na mama anasema, kupitia kwa Mzee, kama mkwe anataka kufundishwa, atafundishwa, kitambaa kipo.

Nimeguswa. Ni ukarimu mkubwa. Lakini nimemweleza Eucabeth kwa upole kwamba trekta na gari ni vitu tofauti, na kwamba mtu aliyeshuka kilima kile bila msaada wa mtu yeyote, mtaro kulia, mke kichakani, hana tena cha kufundishwa. Akaniongezea chai. Jinsi anavyonipenda!

Nimempigia Peterson, nikajitolea kumfundisha. Amekata simu, bila shaka mtandao.

Kisha nikampigia Mzee. Nimemwambia kabla mwezi haujaisha nitapanda tena kwake na Eucabeth wangu, safari hii kwa gia ya tatu, tusichelewe chakula. Na mama mkwe tutampeleka sokoni kama kawaida, furaha ni yangu. Ila kuku abaki nyumbani. Ananipotezea umakini.