Kijiwe cha Mto wa Ureno

Jumamosi, 10 Machi 2001. Grand Prairie.

Mdomo uliponza kichwa, na leo kichwa ni changu. Tulikuwa kwa Shangazi Nahla tunakunywa chai. Hamdiya, nesi wa Cedar Hill ninayetaka kumposa tangu Ramadhani, kaja na kitabu cha maktaba. Habari za bonde la mto kaskazini mwa Ureno: daraja la mawe la kale, mizabibu, vyakula vya shamba. Akasema angependa kusimuliwa na mtu aliyefika. Aiman, yule wa ofisi ya Plano, naye anamtaka, tai shingoni hata siku ya mapumziko, akaanza habari za Paris. Nikasikia sauti ikisema inasafiri Ureno Jumatatu. Sauti yangu! Mimi, dereva wa basi la uwanja wa ndege, karatasi zangu zote za ukaazi ziko kwa wakili. Nikitoka nchi hii sirudi!

Jumapili, 11 Machi.

Wamekuja kuniaga. Shangazi kanisomea dua, kanifungia mkate wa kumimina wa njiani. Aiman akataka kunipeleka uwanjani. Nikamwambia njia naijua, asijisumbue. Hamdiya kaagiza kitu kimoja tu: kijiwe kidogo cha mtoni. Si manukato, si dhahabu. Kijiwe! Nilitaka kulia.

Jumatano, 14 Machi. Houston.

Siku ya tatu kwenye kochi la binamu yangu Vuai. Mvua. Mbu. Mto wao hapa ni mfereji wa tope, hauna hata changarawe. Kijiwe nimekiokota kwenye bustani ya kituo cha mafuta, nikakiosha kwa sabuni ya vyombo. Mvua ilipokatika nikampigia Hamdiya kwa kadi ya simu. Niko katikati ya kumweleza mto unavyonguruma, gari la aiskrimu likapita dirishani na muziki wake. Akauliza ni nini hicho. Nikamwambia kengele za kanisa la kale. Akasema zinapendeza. Mungu kaninusuru!

Ijumaa, 16 Machi.

Kitabu kile kile kipo maktaba ya hapa. Nimesoma daraja, nimesoma maghala ya mawe ya kuwekea mahindi. Ukurasa wa chakula nimeufikia wanazima taa. Samaki mrefu wa mtoni, mfano wa mkunga, anapikwa na wali, msimu wake ndio huu, watu hutoka mbali kumla. Yanatosha hayo.

Jumapili, 18 Machi. Grand Prairie.

Nimekwisha.

Jana mambo yalikuwa mazuri mno. Nimerudi na basi, nikaingia uwanjani kwa mlango wa wafanyakazi, nikajichanganya na abiria wa London. Nje gari saba zimekuja kunipokea! Shangazi analia, kijiwe nikamkabidhi Hamdiya hapo hapo. Alikishika kwa mikono miwili.

Leo karamu kwa Shangazi. Nikasimulia daraja, nikasimulia mizabibu, Aiman kanywea. Nikafika kwa samaki. Hamdiya akaniuliza taratibu kama kweli nilimla. Nikasema sahani mbili, na vidole nikaramba! Akafungua kitabu, akasoma: samaki yule hupikwa kwa damu yake mwenyewe, pamoja na mvinyo.

Lahaula! Shangazi akaninyang'anya sahani ya biriani mkononi. Aiman akauliza, kwa adabu zote, damu ina ladha gani. Mbele yangu mawili tu: ama nimekula haramu, ama nilikuwa kwenye kochi la Vuai. Nikafikiri haraka. Mla haramu hutubu akasamehewa, mwongo haaminiwi tena na mtu. Nikasema nimekula. Tena nikasema ilikuwa tamu.

Jumatatu, 19 Machi.

Hamdiya kaja mchana na nguo zake za kazi, kasimama mlangoni, hakutaka kukaa. Kanirudishia kijiwe. Alijua tangu siku ya simu. Amefanya kazi Houston miaka mitatu, muziki wa gari lile la aiskrimu anaujua kuliko mlio wa simu yake. Jana aliniuliza makusudi ili nipate pa kukiri. "Nimekufungulia mlango, Shaame, we ukajifungia kwa ndani."

Kisha akasema lililonimaliza. Karatasi zake yeye pia ziko kwa wakili, mwaka wa tano huu. Hakumtuma mtu Ureno. Alitaka mwenzake wa kusoma naye kitabu mpaka ruhusa itoke, ndipo waende pamoja. Kwa Shangazi hatasema kitu. Ananingoja mpaka Jumamosi, nimwambie mwenyewe neno moja la kweli mbele ya watu. Neno moja tu. Alipoondoka nilikaa sakafuni nikalia sana.

Jumanne, 20 Machi.

Sikulala. Alfajiri nimekata shauri: kwa ajili ya Hamdiya nitasema kweli mbele ya watu, na wala sitangoja Jumamosi. Nikaenda kwa Shangazi. Nikawakuta wote, Hamdiya na Aiman pia. Shangazi kabla sijakaa akaniuliza, mbele yao, nimejiandaa vipi kutubia damu ile. Hamdiya akaniangalia. Nikafungua mdomo.

Ninasafiri kwenda umra Alhamisi. Shangazi kalia kwa furaha, kaanza kukanda unga wa mkate wa njiani. Hamdiya kachukua mkoba wake, katoka bila kuaga. Nadhani kaguswa.

Vuai anasema kochi lipo. Kijiwe nakwenda nacho, kitafaa kuwa cha Madina.