Tume ya Kutafuta Asili ya Rudi Kesho

Kwa furaha isiyo na kifani, Wizara ya Vibali inautangazia umma kwamba programu iitwayo Rudi Kesho, ambayo kwa miaka sita imemjibu kila mwananchi "Ombi lako limepokelewa, rudi kesho", imefutwa rasmi leo Jumatatu saa nne kamili, mbele ya wapiga picha.

Saa nne na dakika moja ilikuwa imerudi.

Tangazo lilikuwa limeshabandikwa mlangoni, na tangazo la wizara halibanduliwi ovyo, kwa hiyo likabaki. Jumanne programu ilifutwa tena, safari hii kwa utepe na mkasi. Ikarudi kabla soda hazijafunguliwa. Jumatano Mkurugenzi aliifuta kwa mkono wake, akakikandamiza kitufe dakika tano nzima ili isipate pa kupitia. Aliponyanyua kidole, ilikuwepo.

"Hii ni hujuma," alisema. "Kuna mtu humu ndani."

Fundi wa seva alijua anasemwa yeye. Ofisi yake ilikuwa chini ya ngazi, baina ya mafagio na kiyoyozi kibovu, na kila kitu kilichoharibika wizarani kilihesabiwa kuwa chake.

"Bosi, tunachofuta ni nakala tu," alieleza. "Kwenye seva kuna msimamizi, naye ni programu vilevile. Kila dakika anachungulia ghala la msimbo, kule programu zote zinakoandikwa. Kilichoandikwa kule kikikosekana huku, anakirudisha. Tufuate asili yake. Ni amri moja, mstari mmoja, sekunde tatu."

Mkurugenzi alimtazama kama aliyetukanwa.

"Sekunde tatu? Nimeunda tume ya miezi mitatu. Muda uliobaki wajumbe wafanye nini?"

Hata hivyo alikuwa na haraka ya aina yake. Aliamuru tume imtaje mhalifu Ijumaa, kisha miezi iliyobaki itumike kuandika ripoti. Akaipa mamlaka ya kumfukuza mtumishi yeyote, wa ngazi yoyote, papo hapo. Barua ilishapigwa chapa, ikaachwa nafasi mbili za kujaza: nambari ya mtumishi na kosa. Fundi aliiona mezani kwa katibu wa tume, na hakuhitaji kuambiwa nambari ya nani ilikuwa inasubiriwa. Aliogopa, tusifichane. Alikuwa na miaka kumi na moja kazini na watoto watatu shuleni.

Kwenye benchi la nje alikuwepo shangazi yake, mwenye ombi la kibali cha kujenga choo, mwaka wa sita sasa.

"Mmeifuta tena?"

"Tumeifuta, shangazi."

"Haya, ngoja nivae sweta langu nikae vizuri."

Ijumaa tume ilikaa. Mwenyekiti alisoma matokeo ya awali, kwamba programu ilitoka ng'ambo, au pengine ilijitokea yenyewe kwa sababu ya unyevunyevu. Kisha Mkurugenzi akamgeukia fundi.

"Una la kujitetea?"

"Naomba sekunde tatu, bosi."

Wajumbe walinong'onezana, wakaona si nyingi. Fundi alifungua lile dirisha jeusi la amri, likaonekana ukutani, akaandika mstari wake mmoja. Katibu alikuwa ameagizwa kusoma kila kitu kwa sauti kwa ajili ya kumbukumbu. Alisoma.

"Kitu: Rudi Kesho. Kimewekwa na: msimamizi wa seva. Chanzo: ghala kuu la wizara, faili la majaribio ya siku mbili. Mwandishi: Msaidizi wa Ofisi Daraja la Tatu, nambari 0417. Sababu: nakwenda harusini, watu wasinisumbue hadi Jumatatu."

Chumba kizima kilitazama kitambulisho kilichoning'inia kifuani mwa Mkurugenzi. Kilikuwa kimeandikwa 0417, kwa tarakimu za dhahabu.

Ikumbukwe kwamba mwaka ule programu ilipoanza, wizara ilishinda Tuzo ya Huduma ya Haraka, kwa kumjibu kila mwananchi ndani ya sekunde moja. Msaidizi aliyeipokea alipandishwa cheo, na hakuacha kupanda.

"Ile harusi ilikuwa ya dada yangu," alisema Mkurugenzi kwa sauti ndogo.

Katibu, mtu asiyependa nafasi tupu, alijaza nambari, akajaza kosa, akagonga muhuri. Mkurugenzi alitoa simu na kukata rufaa palepale kwenye mfumo wa wizara, kama sheria inavyomruhusu kila mtumishi. Simu ikatetemeka mkononi.

"Ombi lako limepokelewa, rudi kesho."

Fundi akaifuta kule ghalani. Dakika moja ikapita, wajumbe wakihesabu kwa midomo. Haikurudi.

Tangu siku hiyo maombi yanasomwa na watu, moja moja, kuanzia la zamani. La choo lilipita Alhamisi iliyofuata. Rufaa ya Mkurugenzi ni ya elfu arobaini na moja, na kila asubuhi yupo benchini kuulizia.

Shangazi alitoka na kibali chake, akamwona, akasimama. Alivua sweta, akalikunja, akamwekea magotini.

"Chukua, baba. Hapa asubuhi pana baridi."