Jaji Asiye na Chama

Kwa furaha isiyo na kifani, Kamati ya Kuondoa Vyama Mahakamani inautangazia umma kwamba siasa imekwisha kabisa katika uteuzi wa majaji. Nasema hivyo nikiwa Katibu wake, na fomu niliitunga mwenyewe.

Fomu ina swali moja: “Je, wewe ni mwanachama wa chama chochote?” Anayejibu ndiyo, kwaheri.

Mama mmoja, hakimu kwa miaka ishirini na mbili ambaye hukumu zake hazijawahi kutenguliwa, alijibu ndiyo.

“Chama gani?” nikamuuliza.

“Cha kufa na kuzikana, pale mtaani. Mimi ndiye mwenyekiti.”

“Mwenyekiti! Kumbe una wafuasi?”

“Mwanangu, nina masufuria na turubai.”

Tulimshukuru kwa kujitokeza. Mwingine alikutwa na chama cha mpira, naye tukamwonyesha mlango. Akabaki shemeji yake Waziri, aliyerudisha kadi ya chama asubuhi hiyohiyo saa mbili. Usaili ulianza saa tatu. Saa nzima bila chama! Wajumbe tulipiga makofi.

Wenye midomo yao wakadai Waziri anamtaka kwa sababu kesi ya kupinga ubunge wake inasubiri jaji. Umbea mtupu. Waziri mwenyewe aliniambia, “Katibu, kesi yangu haina haraka. Isikilizwe tu wiki hii.”

Ili kuwafunga midomo niliongeza kiapo: “Sina chama, sina upande, simjui yeyote serikalini.” Shemeji alitia saini bila kupepesa macho.

Siku ya kesi, Waziri aliingia mahakamani meno yote nje.

“Shemeji, habari za nyumbani?”

Jaji akavaa miwani. “Karani, andika: mjibu maombi amejaribu kujenga undugu na mahakama.”

Kufikia adhuhuri ubunge ulikuwa umetenguliwa, na uwaziri ukaenda nao. Mimi nilitoka jasho hadi kwenye soksi. Waziri alimwahi Jaji kwenye korido.

“Nimekuweka mimi! Umemwoa dada yangu!”

“Ndiyo maana nakwambia kwa upole. Ningekiri kwamba nakujua, kiapo kingenitoa kazini. Wewe kiti chako cha miaka mitano, mimi nakaa mpaka nifike sabini.” Akatazama huku na huku, akashusha sauti. “Na Jumapili usije kula kwetu. Dada yako naye nimeshamwapisha.”