Nani Alimuuza Barnaba?

Jumatatu, 3 Juni 2024

Iandikwe wazi: tangu mkoa huu uitwe Songwe, na hata kabla haujaitwa hivyo, hakuna aliyeijua mieleka kunishinda mimi Gwalugano. Mabingwa wote kati ya Mlowo na Nakonde walipita mikononi mwangu. Wote wawili.

Leo kafika binti kutoka Mbeya, Faith, na kamera na maiki yenye manyoya kama paka. Anatengeneza dokumentari. Amesikia kwamba mwaka 2003, hapa hapa Tunduma, bingwa wetu Barnaba aliuzwa nyuma ya jukwaa, akavunjwa bega, hakupanda ulingoni tena. Anataka kujua nani alimuuza. Nikamwambia mwanangu, umefika. Mimi ndiye niliyekuwa kocha, meneja, daktari na msemaji. Akauliza, na mshika taulo alikuwa nani, mjomba? Nikasema na hilo pia lilikuwa langu. Akaandika hilo tu.

Tabita, mke wangu, kanionya. Baba Ruti, kaa mbali na hiyo kamera, isije ikaona ya moyoni. Wanawake! Kamera inaona koti. Nimelianika koti.

Jumanne, 4 Juni

Barnaba amerekodiwa kwenye genge lake la nyanya. Nilisimama nyuma yake ili nionekane. Nimeombwa kusogea mara tatu. Mara ya tatu kwa ukali.

Alisimulia taratibu. Mieleka ya jukwaani, atakayeanguka hupangwa kabla. Watu wanalipa kiingilio kuona ufundi, si kuona maiti. Ilitakiwa iwe hivi: raundi ya tatu Sebastian wa Nakonde, ng'ambo ya Zambia, ambebe juu, yeye Barnaba ateleze kama sabuni, Sebastian aanguke. Raundi ya tatu ikafika. Akabebwa. Akalegeza mwili wote, kama mtoto mgongoni kwa mama yake. Sebastian akamtupa kweli. Chini ya mbao za jukwaa kulikuwa na magunia ya pumba, na magunia yalikuwa yameshahama kwa vishindo vya raundi mbili za kwanza. Bega likavunjika sehemu mbili. Mtu aliyekuwa akipakia lori la mahindi peke yake, leo anapima nyanya kwa mkono wa kushoto.

Na Sebastian si mtu baki. Ni mtoto wa mjomba wake. Wanamwanga wa ukoo mmoja, mpaka wa nchi umewapita katikati tu. Miaka ishirini na moja hawajasalimiana. Mjomba alipofariki, Barnaba alisimama upande huu wa barabara akisikiliza nyimbo za msiba upande wa pili. Hakuvuka. Hakutupa udongo hata konzi moja.

Alisema hamtakii ubaya ndugu yake. Anataka tu amwambie kwa nini.

Hapo nikakohoa, kwa majonzi. Ikabidi arudie yote.

Jumatano, 5 Juni

Haya nayaandika humu tu. Daftari linakaa kwenye debe la mbegu, Tabita hafiki huko.

Aliyetumwa Nakonde kupanga na Sebastian nilikuwa mimi. Asubuhi ya pambano lenyewe, saa nne, kwenye baa moja karibu na stendi. Nilifika saa nne kamili. Hayupo! Nikarudi. Barnaba alikuwa anajipaka mafuta nyuma ya turubai. Akauliza, kaka, mmeongea? Nikasema tumemaliza kila kitu, tumeshikana mikono.

Ningesemaje? Kocha harudi na mikono mitupu. Tena nilijua Sebastian ataelewa. Pambano lililotangulia, la Nakonde, alishinda yeye. Zamu ilikuwa ya Barnaba, mtoto mdogo angejua.

Kwa hiyo msaliti ni Sebastian, aliyevunja miadi. Mimi nilivunja nini? Sikuvunja kitu.

Ila wakikutanishwa wale wawili, hiyo mikono niliyoshikana itatafutwa. Mpango: nitamtwisha mzigo mwandalizi wa pambano. Ni marehemu. Marehemu hapingi.

Alhamisi, 6 Juni

Nimerekodiwa! Nimesema mwandalizi alinunuliwa na matajiri wageni, walioshuka uwanjani kwa helikopta na mkoba mweusi. Niliona kwa macho yangu. Faith akauliza helikopta ilikuwa rangi gani. Nikasema ilikuwa na vumbi.

Akamwita Anyosisye. Huyu kazi yake siku ile ilikuwa kugonga ringi ya lori kwa nondo, ndiyo kengele yetu. Basi. Kugonga chuma! Akasema alikuwa uwanjani tangu alfajiri na hakuona kitu kikishuka ila kunguru. Akasema mwandalizi alilia kama mjane, na yeye ndiye aliyemkimbiza Barnaba hospitali. Halafu, kwa sauti ya upole kabisa, nyoka yule, akasema aliyekwenda Nakonde asubuhi ni Gwalugano, muulizeni yeye.

Anyosisye amekaa mbele ya kamera dakika arobaini. Na kiti kapewa. Mimi dakika nne, nimesimama.

Ijumaa, 7 Juni

Mambo mabaya. Faith amevuka, amempata Sebastian. Amekubali kuja kesho. Barnaba ameambiwa, na jirani zake wanasema amenyoa ndevu na kuazima viti viwili.

Nimefanya la kufanya. Nimempigia Sebastian kwa namba ya Zambia ya muuza vitenge, nikaziba pua. Nikasema mimi ni ofisa mkubwa, kesho hakuna kuvuka kwa mtu yeyote aliyewahi kucheza mieleka. Amri imetoka juu.

Akasema kwa adabu ya kwao, Gwalugano, mukwai, siku nyingi. Nyumbani hawajambo?

Nikasema hawajambo.

Akauliza kama Barnaba anakula vizuri siku hizi, na kama lile bega linamsumbua wakati wa baridi. Nikasema linamsumbua. Akasema, haya, kesho nakuja. Nikakata simu. Sijui kwa nini niliendelea kuziba pua baada ya kukata.

Jumamosi, 8 Juni

Sebastian amekuja kwa miguu, kofia mkononi, kichwa cheupe. Lile jitu! Amepungua. Barnaba hakuinuka, ila alimsogezea kiti kwa mguu. Wakakaa katikati ya nyanya. Mimi nilitaka kuondoka, Anyosisye akanishika mkono, kirafiki eti.

Faith akauliza lile swali.

Sebastian akajibu akimtazama Barnaba, si kamera. Akasema alikaa kwenye ile baa tangu saa nne hadi saa sita, na mtu wa Barnaba hakutokea. Akajiambia ndugu yangu amekuwa mkubwa, ananidharau, anataka pambano la kweli mbele ya watu wake. Akaja na hasira. Akampa la kweli. Aliposikia mfupa unalia alijua amekosea, ila hakujua wapi.

Barnaba akasema polepole, lakini Gwalugano alikuja, saa nne. Sebastian akasema saa nne hapakuwa na mtu. Nikaruka! Nikasema nilikuwepo mimi, saa nne juu ya alama, wewe ndiye hukuwepo!

Anyosisye akauliza, saa nne ya wapi?

Wateja waliacha kubonyeza nyanya.

Mtoto wa hapa akitumwa sukari ng'ambo anajua: saa ya Zambia iko nyuma ya yetu kwa saa nzima. Kwetu saa nne, kwao bado saa tatu. Lakini mimi wakati ule nilikuwa na miezi miwili tu tangu nitoke kijijini Itaka. Barnaba alikuwa amenipokea, nalala kwake, nakula kwake. Na nilikuwa nimeshamwambia Zambia naijua nje ndani.

Nilingoja Barnaba anitukane kuhusu saa. Hakuuliza saa. Aliuliza, na mikono? Ulisema mmeshikana mikono.

Niliangalia nyanya. Zilikuwa nzuri, za Ruanda ya hapa mkoani, zimepangwa mafungu mafungu.

Akasema, kaka Gwalu, ungesema tu hukumkuta. Ningevuka mwenyewe nikamtafute. Kulikuwa na muda.

Halafu akainuka. Akampa Sebastian mkono wa kushoto, maana wa kulia haupandi, na Sebastian akaupokea kwa mikono yake miwili. Barnaba akauliza kaburi la mjomba liko upande gani. Sebastian akasema twende. Wakavuka kwa miguu, bega kwa bega, Faith na kamera nyuma yao. Hakuna aliyeniambia nije. Hakuna aliyeniambia nibaki. Anyosisye akaachiwa genge.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya ibada Faith alikuja kunirekodi kipande cha mwisho. Akasema, mjomba, kama una neno la kumwambia Barnaba, liseme sasa. Nilikuwa nalo. Nimelipanga tangu kanisani. Ni neno fupi. Nilivaa koti, nikakaa, safari hii kiti nimepewa.

Kale kataa kekundu kakawaka.

Nikasema: Watanzania wenzangu, suluhu hii mliyoiona niliipanga mimi tangu mwaka 2003. Nilijua undugu wa kweli lazima ujaribiwe. Nikaendelea kama dakika tisa hivi. Nilifika mpaka kwenye helikopta.

Faith alizima kamera bila kuniambia. Wakati anakunja nyaya akauliza, kwa utulivu, kwa nini sikungoja ile saa moja. Nikasema Wazambia hawakuweka kibao. Akaitikia kwa kichwa. Tabita alikuwa mlangoni, akaingia ndani.

Barnaba alipita jioni. Alinisalimia vizuri, kwa mdomo. Mkono hakunipa. Nitamwambia Faith tulirudie lile neno langu, ila lazima niongeze ushujaa kidogo mwanzoni, watu wasije wakalichoka.

Humu naweza kusema. Mhudumu wa ile baa alikuwa anafagia. Aliniambia, kaka, hapa bado saa tatu, keti umngoje. Nilitaka kungoja. Lakini viatu vilikuwa vya kuazima kwa shemeji, namba saba. Mimi navaa tisa.