Asali ya Refa

Jumatatu, 14 Julai

Ngollo kaanguka mtini! Mshambuliaji wetu, tegemeo la Kaliua nzima, kifundo cha mguu kimevimba kama kiazi. Nusu fainali na Urambo ni Jumamosi hii. Alipanda kurina asali, nyuki wakamshukia, akaachia tawi. Watu wanauliza nani kamtuma mchezaji mzingani wiki ya mechi. Nami nauliza pamoja nao, tena kwa sauti. Asali ilikuwa ya kumkaribisha refa. Ukarimu tu! Nimemwomba Ngollo asinitaje.

Kamati imesema tukifungwa, ukocha anapewa msaidizi wangu, Nestory. Kakaa pale mlangoni, anatabasamu. Filimbi hii ya ukocha siitoi!

Jumanne, 15 Julai

Nimetangaza kwamba Ngollo yuko Igunga kwa shangazi yake, anavuna mpunga, mzima wa afya. Saa nne kaonekana stesheni na mkongojo wake, anakula mihogo ya kukaanga. Nilipomfokea alisema nyumbani kunachosha.

Nestory anataka Egidi acheze mbele. Egidi! Kijana wa Ulyankulu, mpole, anamwomba beki radhi kabla ya kumpita. Nimekataa. Wazo la Nestory huwa nalikataa kwanza, sababu naitafuta baadaye.

Alhamisi, 17 Julai

Nimepata! Urambo wanamwogopa Ngollo kuliko nyuki. Mwaka jana walimkaba watu watatu na bado akafunga. Basi asimame tu uwanjani. Soksi ndefu juu ya bandeji, uso aukunje, asikimbie. Watatu watamganda, wenzao watabaki pungufu. Egidi nimemweka pembeni kabisa, asiharibu kitu.

Ngollo aliuliza kama mama yake atakubali. Nikamwambia mama asisumbuliwe na mambo ya mbinu.

Jumamosi, 19 Julai

Mbinu imefanya kazi! Kipindi cha kwanza chote watatu walimganda Ngollo. Tatizo, wakaanza kupiga soga. Akawasimulia mti, nyuki, na, Mungu wangu, asali ya refa.

Kipindi cha pili mama yake akaingia uwanjani, kanga kaikaza kiunoni. Akamshika mwanawe mkono, akamtoa, huku akiniuliza mbele ya umati kama wangu wa kumzaa ningemsimamisha juani na mguu ule. Nikamwamkia shikamoo. Akanipa mgongo.

Urambo wote wanacheka. Refa naye anacheka, hakupuliza kusimamisha mchezo. Mpira uko kwa Egidi! Akamwomba beki radhi, akapita. Akamwomba na kipa. Goli! Moja bila, mpaka mwisho.

Tuko fainali, na filimbi bado yangu! Watu wamembeba Egidi mabegani. Nestory anasema alijua. Nimewaeleza wote kwamba Egidi ni chaguo langu tangu mwanzo.

Jumapili, 20 Julai

Nilikwenda kumjulia hali Ngollo. Mama yake aliongea nami kupitia mlango uliofungwa, maneno machache, hayaandikiki. Haidhuru.

Fainali ni Jumamosi ijayo. Refa anatoka Nzega, na nasikia kwa asali hajiwezi. Egidi sasa ndiye tegemeo la Kaliua nzima, tena ni mwepesi. Nimemwita, nimempa kamba na ndoo. Akasema samahani mwalimu, si ndio mti uleule wa Ngollo? Nikamtoa wasiwasi. Mimi si mjinga wa kurudia kosa. Nimemchagulia mwingine, mrefu zaidi.